Simbi Sita za Kiuno

Kuna sauti moja imekaa nami mwaka mzima na zaidi, na kwa ruhusa yenu nitaitaja kabla hata ya kusalimia, kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa, na nikiogopa sitaifikia. Ni sauti ya simbi, zile kauri ndogo za baharini, zikidondoka ndani ya bakuli la bati. Bakuli la kwanza: ta. Bakuli la pili: ta, ta. Halafu kimya, kimya kirefu, hata nikainua macho kutoka kwenye kompyuta. Kisha bakuli la tatu: ta, ta, ta, ta, ta, ta.

Sasa nisalimie. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa kituo chetu, Daktari Wilfred, viongozi wa dini mlioketi mbele, wazee wangu wote, shikamooni, Bi Thuwaiba, mwenye shughuli, unayestaafu leo, pamoja na binti yako Najat na wajukuu, wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama zangu wakulima wa mwani, mliopanda pantoni alfajiri kutoka ng'ambo ya Pangani mkaja mpaka huku Raskazone kumuaga mtu wenu: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Naitwa Anastazia, mtakwimu wa kituo hiki cha utafiti, mwaka wa tatu sasa. Mkurugenzi amenipa dakika kumi nizungumze kwa niaba ya vijana waliolelewa kazini na Bi Thuwaiba, na ameniomba, kwa upole wake, nisilete habari za ofisini kwenye pilau. Daktari, nisamehe. Nimejaribu kumsifu Bi Thuwaiba bila kutaja kosa langu. Niliandika rasimu nne. Kila moja ilikuwa na maneno mazuri, na kila moja ilikuwa ya uongo.

Bi Thuwaiba amekuwa mdadisi kwa miaka thelathini na moja. Kwa wasioijua kazi hiyo, mdadisi ndiye anayebisha hodi kwa watu na fomu mkononi, anauliza, anasikiliza, anaandika. Sisi wengine tunakaa ofisini tunakula matunda ya miguu yake. Siku yangu ya kwanza kazini alinipeleka Pangani kujifunza. Tukaingia kwa mama mmoja mwenye maumivu ya mgongo. Fomu ilikuwa na visanduku vinne: hakuna, kidogo, kiasi, sana. Bi Thuwaiba akamuuliza maumivu yakoje. Mama akasema, "Kidogo tu, mwanangu, alhamdulillahi." Nikaona Bi Thuwaiba anatia alama kwenye "kidogo", kisha pembeni ya karatasi anaandika kwa kalamu ya risasi: *ameshika ukuta*.

Njiani nilimwambia, kwa ujuvi wa mtu aliyetoka chuo jana, kwamba kompyuta haina pa kuweka "ameshika ukuta". Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayepima urefu wa kitambaa. Akasema, "Andika neno kwanza, kisanduku baadaye. Kompyuta ikikosa pa kuliweka, wewe unapo."

Nilicheka. Leo sicheki.

Ndugu wageni waalikwa, mnajua kwamba maji ya karibu na ufuko yamekuwa moto, na mwani unaoza kwenye kamba kabla haujavunwa. Mnajua pia kwamba kuna mpango wa kuhamisha mashamba yote ya vijiji vinne yaende maji marefu, kina cha kifua, na kwamba vigingi na kamba vimeshafika ghalani. Kazi ya kuhamisha itaanza bamvu lijalo, maji yatakapotoka mbali. Wakulima hawa ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea. Kwa hiyo kituo chetu kilipewa swali moja, swali la haki kabisa: je, mwanamke anayefanya kazi kwenye kina kirefu zaidi yumo hatarini zaidi kuzidiwa na maji? Kuzidiwa tuliandika maana yake: kuangushwa au kuvutwa na maji hata mwingine aje akutoe.

Tuliuliza wanawake mia tano themanini na wawili. Swali la kina tuliliuliza kama wanavyolisema wao, maana hakuna anayeingia baharini na futi ya fundi mfukoni. Maji yanakufika wapi ukiwa kazini? Kifundoni, gotini, kiunoni, kifuani. Visanduku vinne, na ili wanaoingiza taarifa wasipate tabu, kila kisanduku kikapewa namba. Kifundo moja, goti mbili, kiuno tatu, kifua nne.

Namba hizo nilizitia mimi. Nilizitia saa nne asubuhi, nikinywa chai, wala sikufikiri hata kwa muda wa kukoroga sukari.

Sasa naomba mnivumilie kidogo, nitalieleza jambo la kazi yangu kwa lugha ya nyumbani. Kifundo, goti, kiuno, kifua: hivyo vina mpangilio, kila mtu anaona kipi kiko juu ya kipi. Lakini mpangilio hausemi umbali. Kipimo ninachokitumia, cha kuuliza kama hatari inapanda kadiri kina kinavyopanda, hakiwezi kufanya kazi kwa majina. Kinadai namba. Nikikipa moja, mbili, tatu, nne, nimekiambia kwamba kutoka kifundoni hadi gotini ni hatua moja, na kutoka kiunoni hadi kifuani ni hatua moja hiyo hiyo. Nani aliniambia? Hakuna. Zilikuwa namba za visanduku, kama namba za jezi, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba mchezaji wa jezi namba kumi ni sawa na wachezaji wawili wa jezi namba tano. Mimi, mwenye shahada mbili, nilidhani.

Na mnajua lililonidanganya? Si uvivu peke yake. Niliamini kwamba moja, mbili, tatu, nne ni namba zisizo na upande. Niliona kwamba sikuchagua kitu. Kumbe kutochagua kwangu kulikuwa chaguo, tena chaguo kubwa kuliko yote kwenye ripoti ile, na halikuandikwa mahali popote ili mtu aweze kuniuliza.

Kompyuta ikanijibu. Ikasema kwamba hata kama kina hakina neno lolote, tofauti kama tuliyoiona ingeweza kujitokeza kwa bahati tu mara kumi na mbili katika mia. Desturi yetu ni kutosema kitu mpaka zishuke chini ya tano. Basi nikaandika sentensi. Naijua kwa moyo kama sala: *Hakuna ushahidi wa uhusiano kati ya kina cha maji na ajali za kuzidiwa.* Ripoti ikapigwa muhuri, ikatumwa kwa watu saba. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ni mmoja wa hao saba, na najua iko kwenye ajenda ya kikao chako cha Jumatatu.

Sasa sikilizeni hesabu za watu, siyo za kompyuta. Kina cha kifundo, wanawake mia mbili na kumi na wanne, waliozidiwa kumi na mmoja. Goti, mia mbili thelathini na wanane, waliozidiwa wanane. Kiuno, tisini na wawili, waliozidiwa sita. Kifua, thelathini na wanane, waliozidiwa watano. Watano katika thelathini na wanane. Nilikuwa nikiosha vyombo nyumbani nawaona watano. Nilikuwa kanisani nawaona watano. Mmoja wao namjua, yupo ukumbini, kiti cha nyuma karibu na mlango, na ameshanikunjia uso tangu nilipotaja neno kompyuta. Da Asmahani, shikamoo.

Da Asmahani alinijua kabla sijamjua. Mwaka jana mwezi wa tatu, kabla hatujaanza kuuliza mtu yeyote, Bi Thuwaiba aliomba siku moja ya kukaa na wakulima ishirini bandani kwao, kwenye banda la kukaushia mwani, ili ayapime maswali yetu. Nilikwenda naye. Aliweka mabakuli manne ya bati sakafuni, akamwaga rundo la simbi katikati. Akawaambia kwamba ikiwa hatari ya kifundoni ni simbi moja, kila mmoja aje peke yake aweke simbi za goti, za kiuno na za kifua, kama anavyoona yeye.

Mimi nilikuwa nyuma ya banda nikitengeneza fomu. Betri ilikuwa inakwisha na kelele za bati zilinikera. Da Asmahani alipofika kwenye mabakuli aliweka moja, akaweka mbili, akasimama. Ndicho kile kimya nilichowaambia. Bi Thuwaiba hakumharakisha, kwa sababu Bi Thuwaiba katika miaka thelathini na moja hajawahi kummalizia mtu sentensi. Kisha zikaanguka sita. Nikasema kwa sauti, nikidhani nasaidia, kwamba asihangaike kuzidisha, aende moja moja tu kwa mpangilio.

Akanigeukia. Akawauliza wenzake, mimi nikisikia, "Huyu bibie wa kompyuta, goti lake limewahi kuloa?"

Walicheka, wakacheka tena. Bi Thuwaiba naye alicheka, nilimwona. Kisha Da Asmahani akaniambia bila kicheko, "Chini ya kiuno wewe unayabeba maji. Yakipita kiuno, maji yanakubeba wewe. Hiyo si hatua moja, mwanangu. Hiyo ni bahari nyingine."

Nikavaa hedifoni.

Ndiyo, ndugu zangu. Mtu aliyekuja kuuliza, akajibiwa, akaziba masikio. Bi Thuwaiba aliandika. Watu ishirini, mmoja mmoja, na mwisho wa ukurasa akaweka zile zilizoangukia katikati ya majibu yao yote: kifundo moja, goti mbili, kiuno sita, kifua kumi. Tarehe, sahihi, na jina la kijiji. Daftari likaingia kabatini.

Wiki mbili zilizopita alikuwa anasafisha kabati lake. Akanikabidhi madaftari kumi na moja, akasema haya sasa ni yako, usiyape mchwa. Madaftari kumi na moja, na mimi nikaenda moja kwa moja kwenye lile la mwezi wa tatu. Nikaufungua ukurasa ule. Nikazitoa namba za visanduku, nikaweka simbi. Moja, mbili, sita, kumi. Watu wale wale, ajali zile zile, kipimo kile kile. Kompyuta ikasema mara tatu katika mia.

Mngefurahi? Mimi nilifurahi kwa dakika moja hivi. Halafu nikaanza kutapatapa, na tangu siku hiyo sijala vizuri, na mama yangu ananiuliza kama kuna mtu.

Kwa sababu, wageni waalikwa, kuna wizi katika kazi yetu usioacha mlango uliovunjwa. Mtu anataka jibu fulani. Anajaribu namba hizi, hazimpi. Anajaribu zile, hazimpi. Anajaribu za tatu, zinampa, na anazitangaza kana kwamba ndizo alizoanza nazo. Namba za ngazi kama hizi zinatakiwa zichaguliwe kabla ya kuona majibu, na zichaguliwe kwa kile tunachokijua kuhusu ngazi zenyewe. Simbi zilichaguliwa kabla. Hilo ni kweli, tarehe ipo. Lakini mimi nilizifungua baada. Hilo nalo ni kweli. Na kuna swali ambalo sina jibu lake mpaka nasimama hapa: kama jibu la kwanza lingekuwa lile nililolipenda, je, ningelifungua daftari? Nimejiuliza nikiwa kwenye bajaji, nimejiuliza nikiwa nasuka nywele. Nadhani nisingelifungua.

Nilimwendea Edgar, mwenzangu wa meza ya pili, kijana mwenye kichwa kizuri kuliko changu. Aliniambia tukianza kuandika ripoti kwa simbi, mwakani tutapiga ramli. Akashauri njia ya heshima zaidi, kwamba tusichague wenyewe, tuiache kompyuta iwapange wanawake wote kwenye foleni moja, kutoka maji mafupi hadi marefu, na nafasi ya katikati ya kila kundi ndiyo iwe namba yake. Inasikika safi, haina mkono wa mtu. Tukajaribu. Jibu likazidi kufifia, mara ishirini na nane katika mia. Tukakaa tukitafuta sababu, na sababu ilikuwa hii: wanawake wa kiuno na wa kifua ni wachache, kwa hiyo kwenye foleni wanasimama karibu karibu, na kompyuta ikaona kiuno na kifua ni kama kitu kimoja. Umbali ukawa unapimwa kwa wingi wa watu, si kwa maji. Edgar akasema, "Basi hakuna namba isiyo na mtu nyuma yake." Edgar, nimekunukuu hadharani, lakini ulisema kweli.

Ndipo nikamwendea Bi Thuwaiba nyumbani. Alikuwa anakuna nazi. Nilimweleza yote, nikatarajia afurahi, maana lilikuwa daftari lake. Hakufurahi. Aliuliza swali moja, lile ambalo profesa wangu angeuliza, bila kuacha kukuna.

"Ulilifungua kabla ya kuona majibu, au baada?"

Nikasema baada.

"Basi andika hivyo."

Nikamwambia nikiandika hivyo watasema nimetafuta jibu nililolitaka. Nikamwambia mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Nikamwambia hata mimi, ningekuwa wao, huenda nisingejiamini. Akaiweka mbuzi pembeni, akafuta mikono kwenye kanga.

"Ana, mwanangu. Yule mama alisema kidogo, na alishika ukuta. Mimi nilichagua lipi?"

Nikasema, uliandika yote mawili.

Akarudi kwenye nazi yake.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sifa niliyotumwa kumpa, na rasimu zangu nne hazikuifikia. Wengine watawaambia Bi Thuwaiba alikuwa mchapakazi, mwadilifu, mcheshi, na hakuwahi kuchelewa kazini hata mwaka ule wa mafuriko. Yote ni sawa. Mimi nasema alikuwa mtu aliyeandika yote mawili, na aliyemwachia kila mtu aseme umbali wake mwenyewe. Nani atatufanyia hivyo kuanzia Jumatatu? Tumemnunulia kitanda na saa ya ukutani. Madaftari tumeyaweka wapi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siombi uamini kwamba simbi ndizo ukweli wa mwisho. Wanawake ishirini wanaweza kukosea, na mimi pia, kama nilivyoonyesha. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Sentensi ya *hakuna ushahidi* ilisimama juu ya namba nilizozitia nikikoroga chai, na haifai kubeba uzito wa mtu mmoja, sembuse mia tano. Kabla vigingi havijahamishwa kuna maswali mepesi ya kuuliza: ngalawa ziko wapi, maboya ya kuvaa yako wapi, nani atakaa juu ya maji akiwatazama walio ndani. Na wa kuulizwa wa kwanza wamekaa viti vya nyuma.

Da Asmahani, ulipojibu fomu yetu ulisema ulizidiwa mara moja tu, ukashika kigingi mpaka jirani alipokufikia. Nilikuingiza kwenye kompyuta kama moja. Leo nakuomba radhi mbele ya watu hawa. Goti langu halikuwa limeloa. Wiki iliyopita nimekwenda, jirani zako wamenishika mkono kila upande, nikaingia mpaka kiunoni, na hatua moja mbele yake. Nimerudi haraka.

Bi Thuwaiba, Mungu akupe pumziko lenye watu ndani yake, Najat akupikie, na wajukuu wasikumalizie sentensi. Mkurugenzi, nakushukuru kwa dakika kumi, nimekula kumi na tano. Nanyi nyote mlionitegea masikio siku ya sherehe, mkavumilia mambo ya ofisini mbele ya pilau, nawashukuru sana.

Nimalizie kwa taarifa, maana si ombi tena. Leo saa tatu na dakika kumi asubuhi, kabla sijavaa nguo hii, niliwatumia barua pepe wote saba waliopokea ripoti. Nimeifuta ile sentensi. Nimeweka majibu yote matatu, la visanduku, la foleni na la simbi. Nimeandika tarehe ambayo simbi ziliwekwa, na chini yake tarehe ambayo mimi nilifungua daftari, na kwamba ilikuwa baada. Nimeweka jina langu peke yake. Ilipotoka haikutoa sauti yoyote.